Mkono wa Mtu Haukopeshwi

Kilibula, Uvira
Tarehe 16 Julai 2023

Jina la Mungu litukuzwe, yeye aliyeyawekea maji mpaka wake na ambaye, kwa hekima isiyo yetu, mwaka huu ameyaruhusu kuuvuka kidogo.

Kwako mdogo wangu mpenzi Josée, mtoto wa mama yangu, uliye Kalemie. Nakusalimu kwa amani ya Kristo. Namsalimu mwanao Gratien, namsalimu mkewe Fanny, na wote wanaolala chini ya paa lenu. Sisi huku tu wazima. Mguu wangu huuma asubuhi na kunyamaza ukishapata jua, nami sina la kumdai Mungu juu ya mguu uliokwisha kunitembeza miaka yote hii. Mwanangu Damien amepanda muhogo kule Lubarika na anasema udongo umemsikia. Mwanawe Vainqueur ameng'oka meno mawili ya mbele, na sasa anasali Baba Yetu kwa kupiga miluzi. Nimemwambia Mungu anaelewa.

Utauliza kwa nini sikupiga simu. Simu ninayo, na Damien huijaza moto kila jioni. Lakini simu ni ya salamu, barua ni ya mambo. Neno la simu hupita sikioni kama mgeni mwenye haraka, bali barua huketi. Kwa hiyo nimempa Clovis, yule afanyaye kazi kwenye meli ya bandari ya Kalundu, akufikishie mkononi.

Jambo lenyewe ni nyumba ya mama. Ziwa limefika kwenye ukuta wa nyuma. Pale mama alipokuwa akianika ndagala, sasa ndagala wenyewe wanaogelea. Asubuhi, nikiwa nimesimama mlangoni, sauti ya maji hutoka chini ya sakafu, kama mtu anayenong'ona sala yake asisumbue wengine. Damien amesema, na mafundi wamesema, kwamba Noeli ya mwaka huu itakuwa ya mwisho humo ndani. Baada yake tutashusha mabati na kung'oa milango kabla maji hayajaichukua.

Basi natamani tufanye Noeli moja ya utulivu. Sitaalika korali. Hatutachinja mbuzi. Ni siku chache za vakansi, sisi wa damu moja tu, kusali, kula samaki, mikeke wa kuchoma, kulala mchana na kufuma. Tangu tulipomzika mama hujaja. Kila mwaka kipande chako hufika peke yake ndani ya bahasha, nami hukishona mahali pake na kukiambia: karibu, mwenyeji wako yuko wapi?

Watoto wa Damien waliniuliza habari za tandiko, nikawasimulia, na ninaandika hapa nilivyowasimulia ili unisahihishe nilipokosea. Niliwaambia kwamba mama alifundishwa kufuma na masista akiwa msichana, kwa kroshe moja ya chuma ambayo hata leo ninaitumia. Kwamba kila mwaka kila mwanamke wa nyumba yetu hufuma kipande kimoja cha mraba, kuanzia katikati na kuzunguka kwenda nje. Kwamba mkesha wa Noeli, baada ya sala, mkubwa wa nyumba huchukua mkasi na kukata uzi wa kila kipande, ndipo vyote huunganishwa kwenye tandiko lile lile, ambalo sasa limekuwa kubwa hata hakuna kitanda cha kulivaa. Nikawaambia pia neno la mama: mkono wa mtu haukopeshwi. Kipande ni cha aliyekifuma. Kununua sokoni au kufumiwa na mwingine ni kuweka uongo katikati ya ukweli wa wenzako.

Nikawasimulia na Noeli ya mwisho ya mama, baada ya kupooza, jinsi nilivyomlisha kijiko kwa kijiko mbele ya wageni wote wa parokia, na kumjibia kila aliyemsalimu, asije akajisumbua. Mpaka leo kuna watu wananiambia kwamba siku ile waliona amri ya nne, ya kuwaheshimu wazazi, ikitembea kwa miguu.

Nimekuwekea uzi ndani ya mfuko huu, mweupe na wa samawati. Leta kipande. Na safari hii kilete wewe mwenyewe.

Mungu akufunike.
Dada yako mkubwa,
Agnès


Kalemie
Tarehe 3 Septemba 2023

Kwa yaya wangu, dada yangu mkubwa mheshimiwa Agnès,

Amani ya Bwana ikukute umeketi, kwa kuwa najua ukisimama huachi kusimama.

Usishangae mwandiko. Anayeandika ni Fanny, mimi nasema naye anafuata. Macho yangu yamechoka kidogo, si jambo la kuzungumza. Fanny ni mwalimu wa darasa la nne, kwa hiyo anaandika kana kwamba atanisahihisha baadaye. Nikisema neno la mtaani anainua kalamu na kuningoja nilibadilishe. Hapo ameguna, nimemlazimisha aandike kwamba ameguna.

Barua yako ilikaa Kalundu majuma kadhaa kwa sababu meli iliharibika, lakini uzi ulifika mkavu. Huo wa samawati ni rangi ya ziwa la saa nne asubuhi, kabla upepo haujaamka. Niliushika muda mrefu kabla ya kufanya lolote.

Sisi ni wazima. Gratien amepata kazi bandarini. Mimi nimekuwa malkia, yaya. Wameninyang'anya mwiko wa bugali, wameninyang'anya ndoo, wameninyang'anya hata fagio. Kazi yangu ni kukaa kibarazani na kutazama maji. Mchana, usingizi unaponijia nikiwa nimekaa, ninaona maji yale yakiondoka hapa miguuni pangu, yakienda polepole kaskazini, yakipita milima upande mmoja na mwingine, mpaka yanafika na kugonga ukuta wa mama. Naamka nikidhani nimesikia mlango ukifunguliwa.

Kuhusu tandiko, umewasimulia watoto vizuri. Nina jambo moja tu la kusahihisha. Noeli ile ya mwisho, mama alikuwa bado anaweza kushika kijiko. Kwa mkono wa kushoto. Alikuwa akimwaga, lakini alikuwa anaweza.

Nimeanza kipande. Safari hii kinakwenda polepole, siku nyingine mzunguko mmoja, siku nyingine hakuna. Usinicheke. Nimegundua kwamba mtu akifuma polepole sana, kila kitanzi kinakuwa na jina lake. Kikiisha nitakutumia kwa mkono wa Clovis.

Kuhusu kuja, tuone Mungu atakavyopenda. Mawimbi ya Desemba unayajua.

Msalimie Vainqueur, mwambie asiache miluzi.

Fanny anataka kuongeza neno lake hapa chini. Nimemkatalia.

Mdogo wako,
Josée


Kilibula, Uvira
Tarehe 22 Oktoba 2023

Mungu wa kweli, anayechunguza moyo na viuno, awe kati yetu katika barua hii.

Josée mdogo wangu, nakusalimu, nawe unisalimie nyumba yako yote. Mvua zimeanza. Ziwa limeingia jikoni kwa mama, na Damien ametandaza matofali ili tupite bila kulowa. Vainqueur amekuwa na homa akapona. Mkwe wangu, mke wa Damien, amemaliza kipande chake, cha rangi ya chungwa, kwa maana yeye hapendi kusikia habari za uzi mweupe.

Kipande chako kimefika. Nilingoja jua litoke nikakitandaza juu ya goti. Nami nakuandikia kwa uchungu, kwa sababu nisipokuandikia nitakuwa nimekudharau.

Josée, huu si mkono wako. Mkono wako naujua kuliko ninavyoujua uso wako, kwa maana uso wako una miaka sijauona, na mkono wako umenifikia kila Noeli. Mama alitufundisha kuzunguka kutoka kulia kwenda kushoto, nawe hujawahi kuzunguka vinginevyo. Kipande hiki kinazunguka kinyume. Vitanzi vyote vimeegemea upande ambao vitanzi vya nyumba yetu havijapata kuegemea. Hapa vimebana, pale vimelegea, kama vya mtu aliyejifunza juzi, tena kwingine. Nimefundisha katekisimu parokiani maisha yangu yote. Namjua mtoto anayejibu kwa jibu la jirani yake.

Ulisema macho yamechoka, ukampa Fanny kalamu. Sikulaumu. Kumbe ulimpa na kroshe. Fanny binti yangu, wewe unayemsomea barua hii, mimi sina neno nawe. Umemtii mama mkwe wako, na utii ni fadhila. Ninasema na dada yangu. Ungekosa kipande mwaka huu, ningepaacha mahali pako wazi, na hakuna ambaye angekuhesabia dhambi. Lakini kuleta mkono wa kukopa ndani ya tandiko la mama, tena katika Noeli ya mwisho ya nyumba yake, hilo sikuliweza.

Nimekifumua. Nilivuta ncha, uzi ukaachia wote bila kupinga, mzunguko baada ya mzunguko, mpaka ukabaki uzi mtupu mapajani mwangu. Nimeuviringa na ninakurudishia. Bado kuna majuma kabla ya Noeli. Fuma wewe mwenyewe, hata kidogo, au uje mikono mitupu kwa ukweli.

Sikuandika kwa hasira. Mungu anajua.

Agnès


Kalemie
tarehe 19 novemba

Yaya

Naandika mwenyewe. Mkono wa kushoto. Herufi zinalala, unisamehe.

Ule wa kuume ulikufa mwezi wa pili. Asubuhi niliona kikombe kinaanguka na ni minye, mimi mwenyewe, nilikuwa nakishika.

Kipande kilikuwa changu. Kuanzia uzi ulipofika mpaka mwezi wa kumi. Fanny hakukigusa. Mkono wa kushoto inazunguka kutoka kushoto, sikujua namna ingine.

Sikukuambia kwa sababu ya kijiko cha mama.

Uzi umefika.

Josée


Kilibula, Uvira
Tarehe 3 Desemba 2023

Mungu anirehemu mimi mwenye dhambi. Leo siwezi kuanza kwa jina lake zuri kuliko hilo.

Josée, mtoto wa mama yangu, salamu. Namsalimu Gratien. Namsalimu Fanny, na ninapiga magoti mbele yake kwa barua, kwa kuwa nilimfanya asome kwa kinywa chake maneno yaliyomshtaki bure, naye alijua ukweli na kunyamaza kwa kutii neno lako.

Barua yako ilifika juzi. Niliisoma nimesimama, kisha nikaketi, kisha nikaisoma tena. Sikumwonyesha Damien mpaka jana. Yeye alizifuata herufi zake kwa kidole, akasema tu, "Mama, hii barua peke yake ilimchukua siku nzima." Akatoka nje.

Sitajitetea. Nimeyapima maneno ya mama kwa kipimo cha mfanyabiashara. Alisema mkono wa mtu haukopeshwi, nami sikuwaza kwamba Mungu aweza kumfunga mtu mkono mmoja na kumwachia mwingine, na huo mwingine ukawa wake vile vile, tena wake zaidi, kwa sababu umepatikana kwa jasho.

Jana baada ya misa nilifunga mkono wangu wa kulia kiunoni kwa kitenge, nikashika kroshe kwa kushoto. Ndugu yangu, sikupita kitanzi cha nne. Uzi ulinikimbia, kroshe ikanidunga, jasho likanitoka kama ninapanda Lubarika kwa miguu. Vainqueur alisimama akinitazama, akaniuliza nimefanya kosa gani hata nikafungwa. Nilimwambia, kubwa. Kisha nikakaa nikiwaza kipande kizima, mizunguko yote ile, na pembe zake nne zilizokuwa zimenyooka. Zilikuwa zimenyooka, Josée. Siku ile sikukuandikia hilo, na niliona.

Na juu ya kijiko. Nilisimulia habari ile miaka yote kama sifa yangu. Sasa naukumbuka mkono wa mama wa kushoto, uliokuwa juu ya meza siku ile, karibu kabisa na sahani. Nilidhani umepumzika. Ulikuwa unasubiri.

Njoo. Siandiki ili niipumzishe dhamiri yangu, hiyo nitaibeba. Naandika kwa sababu nyumba haitangoja. Maji yamefika kizingiti cha sebule. Damien anasema mpaka Noeli itasimama, mpaka Pasaka hapana. Chumba chetu cha utotoni bado ni kikavu, na kitanda kipo. Ukija, kijiko chako utakishika mwenyewe. Ukimwaga, meza itafutwa. Ukitaka maji utayachukua, na ukitaka kunyamaza, mimi sitajibu kwa niaba yako, hata Askofu akikusalimu.

Usipoweza kuja, nitaelewa, na mahali pako kwenye tandiko patabaki wazi, si kwa adhabu bali kwa heshima. Lakini ukija, leta ule uzi. Nami nakuomba kitu ambacho sijapata kukuomba tangu tuzaliwe: unifundishe.

Clovis anaondoka kesho. Nimemsihi asilale njiani.

Dada yako,
Agnès


Kilibula, Uvira
Tarehe 14 Januari 2024

Ashukuriwe Mungu anayetupa siku chache na kuzifanya zitoshe.

Kwako Josée mdogo wangu, na kwa Gratien, na kwa Fanny binti yangu mwenye subira. Clovis ameniambia ulifika salama na kwamba ziwa lilikuwa laini kama sahani mpaka Kalemie. Sisi ni wazima. Mguu umeanza tena, nimeupa jua. Mkwe wangu anawaulizia. Damien ameshusha mabati ya nyumba ya mama Jumatano, na Ijumaa milango miwili. Jana nilikwenda kuaga. Maji yamejaa sebuleni, yametulia, na kwa kuwa paa halipo, mawingu yamo ndani yake. Nilisimama juu ya matofali nikaliona anga lote likiwa limelala pale tulipokuwa tukipiga magoti. Sikulia. Ilikuwa kama kuona ndani ya ndoto ya mtu mwingine.

Nakuandikia ili siku zile zisipite sikioni tu.

Tangu nilipokutumia barua yangu sikupata jibu, nawe unajua jinsi nilivyokwenda Kalundu bila kujua kama unakuja. Watu walishuka na magunia na kuku. Kisha nikakuona kwenye ubao wa kushukia, kitenge cha kijani, mkono wa kuume umefungwa kifuani kama mtoto aliyelala, wa kushoto umeshika kamba. Clovis alikuwa nyuma yako na mfuko wako, mbali kidogo, kama mtu aliyeonywa. Nilinyoosha mikono yangu, kisha nikairudisha. Hilo lilikuwa gumu kuliko Kwaresima zote nilizofunga. Ukashuka. Ukanipa mkono wa kushoto, na ulikuwa na nguvu.

Unakumbuka mlo wa kwanza? Mikeke, bugali, sombe ya majani ya muhogo. Kipande cha samaki kilikuteleza kikaanguka, nami, Mungu shahidi wangu, mkono wangu ulikuwa umeshaondoka kabla sijafikiri. Ukasema kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo ukiwa na miaka saba, "Yaya, mukono wako ukae kwako. Minye iko na wangu." Damien alicheka mpaka akakohoa. Nikaukalia mkono wangu, kweli kabisa, nikaukalia juu ya kiti mpaka mwisho wa chakula, na wewe ukala taratibu, ukamwaga, ukala, na meza ikafutwa.

Na ile michana. Sijui kama kwa Mungu kuna mchana, lakini kama upo, basi unafanana na ile. Tandiko limetandazwa sakafuni mwa chumba chetu, kwa kuwa hakuna kitanda cha kulibeba, na wote juu yake, Vainqueur amelala kwenye vipande vya mama, mkwe wangu amelala kwenye vya shangazi yetu, maji yakinong'ona nyuma ya ukuta, na mwanga wake ukitembea darini polepole kama mtu anayetafuta ukurasa. Mimi nawe tumeketi tukitazamana. Mkono wako wa kushoto ulikuwa mkono wangu wa kulia ndani ya kioo. Vilipokwenda vitanzi vyako huku, vyangu vilikwenda kule, na kila mzunguko ulipokamilika tulikutana. Uliniuliza kama mama aliwahi kukasirika juu ya kijiko. Nikakujibu kwamba sikumpa nafasi ya kuniambia. Ukafuma vitanzi vitatu, ukasema, "Aliniambia minye," na hukusema alisema nini, nami sikuuliza, wala siulizi sasa.

Masomo yangu yalikuwa aibu. Kile kiduara nilichofuma kwa kushoto, ambacho kilikataa kuwa mraba kwa dua na kwa vitisho, Vainqueur alimvika kuku wa jirani, na kuku akaenda nacho. Umesema kwamba mwanafunzi wako wa kwanza ameshindwa. Mwalimu asikate tamaa.

Sasa nafika kwenye mkesha, na kwenye jambo linalonifanya nikuandikie leo.

Nilichukua mkasi baada ya sala. Nilikata uzi wa mkwe wangu, nikakata wa kwangu. Chako kilikuwa na mizunguko miwili tu, kidogo kama kiganja cha Vainqueur, kwa kuwa mkono unaofuma kipande kwa majuma mengi hauwezi kukirudisha kwa siku nne, na ni mimi niliyekufumulia kile cha kwanza. Ukaniambia, bila uchungu, na hilo ndilo lililoniuma, "Kata tu, yaya. Kitabaki kidogo, si kitu." Uliona nimeweka mkasi chini. Ulidhani nimeshindwa kwa machozi, na kwa siku zilizobaki hukunigusia tena. Sikuwa nimeshindwa. Nilikuwa nimekataa.

Baada ya wewe kupanda meli, nilikishona kipande chako mahali pake, kwa ncha nne tu, kikiwa kidogo vile kilivyo katikati ya nafasi yake, na uwazi umekizunguka kama maji yanavyozunguka kisiwa. Mizunguko yake inatoka kushoto kwenda kulia, na ndiyo pekee inayokwenda hivyo katika tandiko lote. Uzi wake bado umeshikana nacho. Unashuka mpaka chini, na kibonge cha samawati kimelala ndani ya kikapu cha mama, hapa Kilibula, kando ya kitanda changu. Kroshe nimeichomeka juu yake.

Jana jioni Vainqueur aliukanyaga uzi ule ukamfunga mguu. Akaniuliza mimi bibi yake, "Koko, hii uzi iko ya nani? Mbona hamuikate?"

Nikamwambia, "Iko ya mwenye kurudi."

Hakuridhika. Akauliza utarudi lini. Nikamwambia akuandikie akuulize, naye sasa anachonga penseli. Uwe tayari kwa herufi zinazolala, mtafanana.

Basi Mungu aliyetukutanisha juu ya maji akulinde kandokando ya maji. Aubariki mkono wako unaofuma na ule unaolala, aibariki mikono ya Fanny inayoandika na kunyamaza, ampe Gratien mkate wake bandarini, na aweke amani juu ya kila kizingiti chenu, hata wimbi likija likute mlango wenu umefunguliwa kwa wageni na umefungwa kwa huzuni. Amina.

Dada yako,
Agnès